Chumvi ya Uvinza na Madini Yasiyo na Ladha

Pale mto Ruchugi unapoingia katika mto Malagarasi, katika nchi ya Uvinza iliyo mashariki ya ziwa Tanganyika, ardhi hutoa chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezijia, wakazichota na kuzichemsha kwa muda usiopungua miaka elfu moja na mia nne. Na kwa kuwa taarikh za biashara ya bara aghalabu husimulia habari za pembe, watumwa, bunduki na ushanga, bidhaa hii nyeupe, iliyoliwa na mtemi na mtwana kwa namna moja, imepewa nafasi haba katika vitabu. Wachimbuzi wa mambo ya kale John Sutton na Andrew Roberts walipofukua ardhi ya mahali pale katika miaka ya 1960 waliona mashimo ya kuchemshia yaliyosiribwa udongo, vigae vya vyungu tabaka juu ya tabaka, na majivu ya moto uliowashwa tangu karne ya tano au ya sita baada ya Nabii Isa, yaani kabla ya Uislamu kudhihiri Makka na kabla ya mji wo wote wa pwani yetu kujengewa nyumba ya mawe. Wafinyanzi wa vyungu vile walibadilika, na namna ya kuvitia nakshi ikabadilika zaidi ya mara moja, lakini kazi haikubadilika: kuteka, kuchemsha, kukausha, kufunga na kuchukua.

Ni haki kuuliza kwanza kwa nini watu wajitie katika taabu kubwa kiasi hicho kwa ajili ya kitu kisichoshibisha. Mwili wa mtu mzima una sodiamu ipatayo gramu mia moja, iliyo nyingi nje ya chembe hai, katika damu na katika maji yanayozizunguka chembe hizo, na nyingine ndani ya mifupa. Ndani ya chembe zenyewe imetawala potasiamu, na tofauti hiyo baina ya ndani na nje ndiyo inayouwezesha mshipa wa fahamu kupeleka habari na msuli kujikunja. Sodiamu hutoka kila siku kwa jasho na mkojo, na ikitoka haina budi kurudishwa. Mwenye kula nyama, maziwa na damu, kama wafugaji wa nyika, huipata ndani ya chakula chake pasipo kuitafuta. Walakini mkulima, ambaye chakula chake ni mtama, ulezi, ndizi au viazi, hula potasiamu kwa wingi na sodiamu kwa uchache, na tabibu mmoja wa asili ya Kijerumani, Gustav von Bunge, alipolitazama jambo hili katika miaka ya 1870, alitoa rai kwamba tamaa ya chumvi ni tamaa ya wala nafaka na mboga, na kwamba wawindaji na wafugaji hawanayo au wanayo kidogo. Wako waliompinga katika sehemu za hoja yake, lakini ramani ya biashara ya chumvi katika bara letu haiko mbali na maneno yake, maana ilipokwenda jembe ndipo ilipokwenda chumvi.

Wanyama nao wamo katika habari hii. Katika mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, iko pango iitwayo Kitum, ambamo ndovu huingia usiku katika giza tupu, wakipapasa njia kwa mikonga, wakafika penye kuta zenye chumvi ya sodiamu na kuzichokonoa kwa pembe zao, kisha wakasaga mawe yale kwa magego na kuyameza. Na kwa zamani za kufanya hivyo wameipanua pango yenyewe. Nyati, mbawala na ng'ombe huramba ardhi ya munyu po pote waionapo, na mchungaji ajuaye kazi yake hupanga safari za kundi lake kwa kukumbuka mahali hapo. Ulimi wa kiumbe cha nchi kavu umepewa ladha mahususi ya kuitambua sodiamu, na kwa ladha hiyo ndovu huiona katika mwamba na mtu huiona katika chemchemi.

Watu waliokuwa mbali na chemchemi hawakukaa bila hila. Walikata matete na nyasi za kando ya maji, wakazichoma, majivu wakayatia katika chungu kilichotobolewa kitako, wakapitisha maji, na maji yale wakayachemsha hata yakabakisha unga wa kijivu wenye ukali. Na unga huo, ukipimwa na mjuzi wa kemia, huonekana kuwa aghalabu una potasiamu nyingi kuliko sodiamu, ambayo ni kusema kwamba mlaji aliukaribia muradi wake lakini hakuupata. Ndiyo maana chumvi ya majivu haikuweza kushindana na ya Uvinza ilipofika sokoni. Kadhalika magadi, yanayopatikana kwa wingi katika Bonde la Ufa, yalifaa kulainisha maharage na kukoleza tumbaku, lakini hayakuchukua cheo cha chumvi. Nayo yana hatari yake, kwa kuwa pamoja na sodiamu huchukua floridi, na floridi ikizidi mwilini mwa mtoto huyaacha meno na madoa ya hudhurungi, kama yaonekanavyo kwa watu wengi waliolelewa chini ya mlima Meru na Kilimanjaro, ambako hata maji ya visima vingi yana madini hayo kupita kiasi.

Uganda nayo ilikuwa na machimbo yake. Kibiro, pwani ya ziwa Albert, wanawake ndio wenye mashamba ya chumvi mpaka leo: hutawanya mchanga mkavu juu ya ardhi yenye maji ya munyu, jua likavuta chumvi juu, mchanga ukakwanguliwa na kuchujwa, na maji yakachemshwa, na kazi hiyo imefanywa pale kwa karne nyingi bila ya kukatika. Katwe, katika shimo la volkano karibu na ziwa Edward, palipiganiwa na wafalme, na Mwingereza Lugard alipopita upande ule mwaka 1891 hakusahau kujenga boma pale na kuliita Fort George, maana aliyeshika Katwe alishika mkono mmoja wa hazina ya nchi nzima ya magharibi.

Uvinza lakini ilizidi sifa zote, na sifa yake ilitokana na usafi. Maji ya chemchemi zake yana chumvi nyingi, na chumvi yenyewe ni sodiamu na klorini karibu tupu, isiyochanganyika na uchungu wa magnesi wala ukali wa magadi. Wakati wa masika mito hufurika na kuzifunika chemchemi, basi kazi ilikuwa ya kiangazi: maji yakishuka, watu walikuja kwa maelfu kutoka Uvinza yenyewe, Uha, Unyamwezi na mbali zaidi, wakajenga vibanda vya majani, wakakata kuni, wakateka maji kwa zamu na kuyachemsha katika vyungu vikubwa usiku na mchana. Mvua za kwanza zikinyesha, mji ule wa msimu uliondoka wote, vibanda vikaachwa vioze, na chumvi ikashika njia vichwani mwa wachukuzi, imefungwa katika majani na magome ya miti.

Machifu wa Uvinza hawakuwa wajinga wa neema waliyokalia. Nchi iligawanyika katika himaya tatu, na kila himaya ilikuwa na sehemu yake katika chemchemi, ikitoza ushuru wa chumvi kwa kila aliyechemsha. Tena kwa kuwa njia kuu ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ilikata mto Malagarasi katika ardhi yao, walipata fungu la pili kwa kivuko, na fungu la tatu kwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipita hapo Februari 1858, na Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu kitu cho chote cha bara, aliitaja chumvi ya Uvinza kuwa bora kuliko zote alizoziona katika nchi hizo. Stanley alipofika mtoni mwaka 1871 akimtafuta Livingstone alibishana na wenye mitumbwi juu ya nauli hata akachoka, na baada ya kukubaliana punda wake mmoja akanyakuliwa na mamba katika kuvuka. Kisha akaingia Uha, na hongo za huko zilipomzidia aliamua kupenya usiku kwa siri asitozwe tena. Wasomaji wa vitabu vya Wazungu hawa wamezoea kuzihesabu hongo zile kuwa ni unyang'anyi, nami sioni sababu: hapana dola duniani, kuanzia Venice hata Uchina, iliyokuwa na chumvi au kivuko ikaacha kutoza, na forodha ya Unguja siku zile ilikuwa ikikodishwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi kwa fedha nyingi bila ya mtu kumwita mnyang'anyi.

Si Uvinza peke yake katika nchi iliyo Tanzania leo. Kusini, karibu na ziwa Rukwa, pana Ivuna, ambapo Brian Fagan na John Yellen walifukua mabaki ya kazi ya chumvi ya karne ya kumi na tatu hata ya kumi na tano. Ivuna ina jambo jingine la kuitia katika maandishi haya, nalo ni kimondo kilichoanguka huko tarehe 16 Desemba 1938, jiwe jeusi, laini, ambalo uzito wake haukufika kilo moja. Jiwe hilo ni jamii adimu mno, na wataalamu wa nyota wameiita jamii nzima kwa herufi ya jina la Ivuna, kwa kuwa vipimo vya madini yaliyomo, ukiziacha hewa zilizo nyepesi, vinakaribiana na vipimo vya jua lenyewe. Hata leo mtu akitaka kujua ni kiasi gani cha chuma, zinki, shaba au sodiamu kilichokuwamo katika vumbi lililozaa dunia, moja katika mizani zake ni jiwe la Ivuna. Kimondo kikubwa cha Mbozi, cha chuma na chenye uzito wa tani nyingi, kiko mkoa huo huo na kina wageni wengi zaidi. Lakini mwenye kutaka nasaba ya madini yaliyomo katika damu yake angefanya vema kuuliza habari za kile kidogo.

Utawala wa Kijerumani ulipoingia ulifanya upesi yale ambayo tawala zote hufanya penye chumvi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kampuni ya Kijerumani ilijenga kiwanda Uvinza, ikakiita Gottorp, jina la ngome ya kaskazini ya Ujerumani, na wale waliokuwa wakija kiangazi wakiwa wachemshaji huru wakaja sasa wakiwa vibarua. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikapita mlangoni pa kiwanda, na baada ya vita Waingereza wakayarithi yote. Tangu hapo habari za Uvinza ni habari za magunia, mabehewa na mishahara, nazo hazinivutii sana, ila kwa jambo moja litakalokuja mbele.

Maana katika miaka yote hiyo elfu na zaidi, ilikuwapo haja nyingine ya mwili ambayo chumvi ya Uvinza, kwa usafi wake ule ule uliosifiwa, haikuitimiza. Katika nyanda za juu za kusini, Ukinga, Njombe, Rungwe na milima iliyo juu ya ziwa Nyasa, palikuwa na rovu nyingi mno. Na tabibu Michael Latham, aliyeshughulika na mambo ya lishe katika Wizara ya Afya ya Tanganyika, alipowapima watu wa Ukinga katika miaka ya 1960 aliona kwamba wenye tezi iliyovimba shingoni walikuwa wengi kuliko wasio nayo. Mahali ambapo ugonjwa umewashika walio wengi huacha kuitwa ugonjwa. Mama aliyevimba shingo alilima, akaolewa, akazaa. Na mtoto aliyezaliwa kiziwi, au mfupi wa kimo na mzito wa akili, hakufungamanishwa na shingo ya mama yake, bali alihesabiwa kuwa ni kadari au ni kazi ya wabaya.

Madini yaliyokosekana huko ni ayodini, ambayo katika maduka yetu hujulikana kwa jina la madini joto. Mwili mzima una miligramu kumi na tano au ishirini tu za madini hayo, nyingi katika tezi ya shingoni, ambayo huyatumia kufanya vichocheo vinavyoamuru kasi ya mwili kutumia chakula na, kwa mtoto aliye tumboni, kujengeka kwa ubongo. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu mia moja na hamsini, na jumla ya atakayotumia tangu kuzaliwa hata kufa haijazi kijiko cha chai. Tezi ikiyakosa hujitanua ili kunasa hata chembe iliyo haba kabisa katika damu ipitayo, na kutanuka huko ndiko rovu. Akiba ya ayodini duniani iko baharini. Hutoka humo kwa hewa na kurudi kwa mvua, lakini katika milima mirefu mvua za zama nyingi zimeiosha ardhi na kuteremsha madini yake mtoni, na lililoota katika ardhi hiyo, pamoja na ng'ombe aliyelila na mtu aliyemla ng'ombe, hukosa kwa pamoja.

Hapa ulimi ulishindwa. Ndovu wa Elgon huijua sodiamu gizani, na mkulima wa Uha aliijua kwa kuonja tone moja la maji, lakini ayodini kwa kiasi cha mahitaji yetu haina ladha, haina harufu, haina rangi, wala kuikosa hakuleti kiu ya kuitafuta. Mwanamke mjamzito husikia hamu ya udongo, na huko masokoni huuzwa vipande vya udongo viitwavyo pemba kwa ajili ya hamu hiyo. Walakini hamu hiyo si dalili ya kuaminiwa, kwa kuwa udongo uliwao huweza kuzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini badala ya kukiongeza. Kwa hiyo watu walitembea majuma mengi kwenda Uvinza kufuata madini moja, na hapana aliyetembea hatua moja kufuata lile jingine, si kwa uvivu wala ujinga, bali kwa kuwa mwili haukuwapa khabari.

Khabari hiyo ilitoka mbali, tena kwa ajali. Mwaka 1811 Bernard Courtois, mfanyaji wa shura ya baruti kwa majeshi ya Napoleon, alitia asidi kali kupita kiasi katika majivu ya mwani na kuona moshi wa zambarau ukipanda na kuganda kuwa vipande vyeusi. Miaka tisa baadaye tabibu Jean-François Coindet wa Geneva, akijua kwamba tangu kale watu walitibu rovu kwa majivu ya sifongo ya baharini, alikisia kwamba nguvu ya majivu yale ni kitu hicho kipya, akawapa wagonjwa wake; wengi wakapona, baadhi wakadhurika kwa wingi wa dawa, na mji ukamgeukia kwa lawama. Mfaransa Boussingault, aliyekaa miaka mingi katika milima ya Colombia, aliona kwamba watu wa sehemu fulani waliotumia chumvi ya chemchemi fulani hawakuwa na rovu, akapima akakuta ayodini ndani yake, na katika miaka ya 1830 akashauri kwamba chumvi ya namna ile igawiwe kwa wengine. Hakusikilizwa. Ilipita miaka sitini hata Eugen Baumann alipothibitisha kwamba tezi ya shingoni ina ayodini ndani yake, na mingine ishirini hata Otto Bayard, tabibu wa milimani katika Uswisi, alipochanganya mwaka 1918 chumvi na ayodini kwa koleo na kuipeleka kijiji cha Grächen kwa nyumbu, akiwapa watu vipimo mbalimbali. Mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden likaruhusu chumvi hiyo iuzwe madukani, na majimbo mengine yakafuata. Wepesi huo wa Uswisi ulikuwa na sababu isiyo ya utabibu: chumvi kwao ilikuwa mali ya serikali za majimbo tangu zamani, na aliyetaka kuichanganya kitu alikuwa na mlango mmoja wa kubisha.

Afrika ya kati ilileta fumbo juu ya fumbo. Katika kisiwa cha Idjwi, kilicho ndani ya ziwa Kivu, matabibu wa Kibelgiji, na miongoni mwao François Delange na André Ermans, waliona katika miaka ya 1960 kwamba upande wa kaskazini watu wengi walikuwa na rovu na upande wa kusini magharibi wachache, ilhali ayodini ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti ilikuwa muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwili ukiivunja sumu hiyo hufanya kitu kingine kinachoizuia tezi isiinase ayodini. Basi palipoliwa muhogo kwa wingi bila ya kurowekwa na kukaushwa vilivyo, uhaba mdogo ukawa mkubwa. Na muhogo si mwenyeji wa bara letu: ulitoka Amerika kwa merikebu za Wareno, ukaenea bara kidogo kidogo, na katika karne ya kumi na tisa ulipandwa kwa bidii kandokando ya njia za misafara, kwa sababu wapagazi walitaka chakula kisichooza shambani. Njia zilizochukua chumvi zilichukua na muhogo.

Katika Tanzania kazi ilianza kwa nguvu baada ya Taasisi ya Chakula na Lishe kuundwa mwaka 1973, na vipimo vya wanafunzi wa shule vikaonyesha kwamba maradhi hayakukaa kusini tu. Tangu 1986 wilaya zaidi ya ishirini zilizozidiwa ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye ayodini, ambavyo kimoja chaweza kumtosha mtu kwa mwaka na zaidi, na waliotangulizwa ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Vidonge aghalabu vilichelewa, na wilaya nyingine zikangoja miaka baada ya zamu yao. Na kuchelewa huko, ambako kwa mgonjwa ni hasara, kwa wachumi kulikuwa ni mtihani uliojiandaa wenyewe. Erica Field na wenzake wawili walitoa hesabu mwaka 2009 wakisema kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati mama zao wamekingwa walisonga mbele shuleni kwa theluthi au nusu ya mwaka kuliko wenzao, na wasichana zaidi ya wavulana. Wengine walioirudia hesabu hiyo hawakuyaona matokeo kwa nguvu ile, na mjadala haujafungwa. Lakini juu ya madhara ya kuikosa ayodini tumboni hapana tabibu abishaye.

Vidonge havikukusudiwa kudumu. Katika miaka ya 1990 sheria ikaamuru chumvi ya kula itiwe ayodini, na hapo Uvinza ikarudi katika habari, kwa kuwa kiwanda chake kilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa nchi, na mashine moja ya kuchanganyia mahali pale iliweza kufika katika vyungu vya mikoa mizima ya magharibi. Kinachotiwa ni iyodeti ya potasiamu, ambayo hustahimili joto na unyevu wa nchi zetu kuliko dawa iliyotumiwa Ulaya, nayo hutiwa kwa miligramu makumi machache katika kilo moja ya chumvi, hata mlaji hawezi kuitambua. Madini yasiyo na ladha yalipewa kuwa abiria wa madini yenye ladha, na tamaa ya kale ya mkulima, ambayo haikuwa na shabaha ila sodiamu, ikaajiriwa kuleta nyumbani kisichotamaniwa.

Pwani haikuhangaikiwa, na dhana ilikuwa kwamba mtu aliyezungukwa na bahari hawezi kukosa kitu cha baharini. Dhana hii haina mizani. Lita moja ya maji ya bahari ina ayodini ya mikrogramu hamsini au sitini, na hutoa chumvi ya gramu thelathini na tano. Hata kama ayodini yote ingebaki ndani ya chumvi, nayo haibaki yote, mtu anayekula gramu tano kwa siku angepata mikrogramu nane tu katika mia na hamsini zinazohitajiwa. Mwenyeji wa pwani hukingwa na samaki na vinginevyo atokavyo navyo baharini, wala hakingwi na chumvi yake, na si kila chungu cha pwani kina samaki wa kutosha. Vipimo vilivyofanywa katika visiwa vya Zanzibar na kutolewa mwaka 2006 vilionyesha kwamba katika wanafunzi wa Unguja mmoja katika watano alikuwa na tezi iliyovimba, na Pemba karibu mmoja katika watatu. Chumvi yenye madini joto ilikuwa katika nyumba sitini na tatu kwa mia za Unguja. Pemba ilikuwa katika nyumba moja kwa mia.

Sababu ya tofauti hiyo haina siri. Unguja hununua chumvi nyingi ya viwanda kutoka bara, ilhali Pemba ina mashamba yake ya chumvi kandokando ya mikoko, ya wenyewe kwa wenyewe, ambako maji ya bamvua huingizwa katika majaruba, jua likayakausha, na chumvi ikakusanywa kwa koleo na kuuzwa kwa kipimo bila ya mfuko wala chapa. Mkaguzi ana njia ya kuijaribu chumvi: hudondosha tone la maji ya wanga yaliyotayarishwa, na penye iyodeti panageuka rangi ya samawi, pasipo nayo hubaki vile vile. Mnunuzi hana tone hilo, na chumvi mbili zilizo mbele yake sokoni, iliyotiwa na isiyotiwa, zina weupe mmoja na ladha moja. Mwenye shamba anayegharimia dawa na bomba la kunyunyizia hapati bei ya juu kuliko jirani yake asiyegharimia. Kwa wazalishaji wakubwa kama Uvinza sheria ilikuwa na mahali pa kushika. Kwa mashamba madogo, kutoka Pemba na Tanga hata Bagamoyo, Lindi na Mtwara, kila jaruba lina mwenyewe, na kila mwenyewe hana budi kuendewa na kusemezwa peke yake, msimu baada ya msimu.